Kibao cha Dawa ya Mchwa

Shaame Faki alinijia Limbani na ubao mtupu
na kopo la rangi nyekundu aliloazima kwa shemeji yake.
"Mize," akasema, "niandikie kwa herufi nene:
DAWA YA MCHWA. YA KISASA. BEI NAFUU.
Na chini yake: KARIBUNI WOTE."

Nikamuuliza, hao wote ni nani.
Akakuna kidevu. Miezi minne ameuza makopo matatu,
mawili kwa mjomba wake.
Watu humwamkia, hulisifu duka,
huuliza bei kama wanaouliza hali,
kisha husema, "Inshallah, karafuu zikishauzwa,"
wakarudi kwao, kwa mchwa wao.

Nikaweka brashi chini.
Niambie, Shaame: asiyenunua anapoteza nini?
Akaanza, "Usipoziba ufa..."
Basi, nikamwambia, ishia hapo hapo.
Hiyo kila nyumba ya Wete inaijua kwa moyo,
na kila nyumba ya Wete ina ufa.
Neno likizoeleka halimwinui mtu kitini.
Nipe mlango. Nipe mtaa. Nipe hesabu.

Akakaa kimya mpaka chai ikapoa.
Halafu akanieleza mlango wa mama yake, kule Bopwe,
uliopakwa kijani kila Idi,
unang'aa, wageni wanausifu.
Siku ya msiba wa baba, wanatoa jeneza,
jirani mmoja akaegemea fremu
mkono ukazama hadi kifundo.
Hamkuwa na mbao mle.
Udongo tu, na kitu kinachotembea.
"Fundi alitaka laki nane," akasema,
"na kopo moja, mwaka mmoja nyuma,
lingekuwa elfu kumi na tano."
Hakunitazama alipokuwa akisema.

Nikachovya brashi:

GONGA MLANGO WAKO.
UKILIA KAMA NGOMA, NJOO.
LEO ELFU KUMI NA TANO. MWAKANI LAKI NANE.

Akaruka. "Ongeza basi, yakhe!
Andika: NYUMBA ITAWAANGUKIA WATOTO WENU!"
Nikakataa. Hofu ni pilipili mbuzi, Shaame,
moja huamsha ulimi,
ukimwaga ungo mzima mgeni anakimbia sahani,
na kesho hata wali wako mweupe hauamini.
Uliona mtoto kaangukiwa?
Hakuona.
Basi tuandike ulichokiona.
Nafasi iliyobaki nikamwandikia yule asiyemhitaji:

UKIJIBU KIZITO, BAKI NA PESA ZAKO.

Alinung'unika kwa mstari huo mpaka jua likageuka.
Ndio uliomuuzia.

Maana wiki ile Limbani ilikuwa ko, ko, ko.
Watoto wakitoka chuoni, ko ko, mlango kwa mlango,
wakifukuzwa kwa ufagio.
Bi Asaa aligonga kitanda cha harusi yake
akakaa sakafuni, akacheka, akatuma mjukuu na pesa.
Mzee Khatib Rashid wa duka la vitambaa
aligonga, akasikia, akatazama kushoto na kulia,
kisha akanunua rangi ya kijani.

Shaame akaagiza makasha mawili kutoka Unguja.
Alinilipa, akaniletea na halua.

Sasa usiku huu nimefunga kibanda.
Kibao kinatazama njiani; mimi hukaa nyuma yake,
na nyuma hakuna neno, ni ubao tu na misumari.
Nimepita chini yake siku kumi na saba
nikijisifu kwa umbo la herufi.

Huu hapa mlango wa nyumba ya bibi yangu.
Kizingiti kina vumbi laini, la rangi ya unga wa mtama.
Nilikuwa nikilifagia kila asubuhi.
Najua bei ya kugonga, niliiandika mwenyewe.
Ya kutogonga nayo niliiandika, kwa nyekundu,
ionekane hata na mpita njia aliye mbali.

Nimekunja ngumi.
Sijagonga bado.